Mlango wa Darasa la Kwanza B

Katika shule ya Kimemi, mjini Butembo, mtu hakuwa msaidizi wa darasa kwa sababu anapenda watoto. Directeur Siméon, mkuu wa shule, alimweleza Jokébed jambo hilo siku ya kwanza, bila kumkaribisha kitini. Zilihitajika diploma ya Serikali, barua ya padri au mchungaji, na wiki moja ya majaribio katika darasa la kwanza B, lenye watoto tisini na wawili na mwalimu mmoja, Madame Rébecca.

"Kufundisha, Madame atafundisha," alisema Directeur. "Weye kazi yako ni mulango. Siku ya mbio, batu bakikimbia bunduki, bazazi ba batoto banajaa hapa. Mutoto asitoke ila na mutu wake. Ni hiyo tu, c'est tout."

Jokébed aliitikia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alikwisha kukataliwa na shule saba, na sharti hilo aliliona jepesi kuliko yote aliyowahi kupewa.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Madame Rébecca aliitwa bureau, ofisini kwa Directeur. Dakika chache baadaye maduka ya ng'ambo ya barabara yakaanza kushusha milango ya chuma, moja baada ya jingine. Pikipiki zote zilielekea upande mmoja. Hakuna aliyepiga kelele bado. Mfanyabiashara wa Butembo hafungi duka lenye mteja ndani, isipokuwa kwa sababu moja: fununu kwamba wenye bunduki wanakuja.

"Chini ya mabenchi," aliwaambia watoto.

Karibu nusu yao walikuwa wamekwisha kushuka. Hao walikuwa wametoka vijiji vya upande wa Beni pamoja na jamaa zao waliokimbia, hawakuhitaji maelezo.

Wazazi wakafika, wakajaa mlangoni, wakaita majina. Jokébed alishika mkono, akakabidhi, akashika mwingine. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufi alijipenyeza hadi mbele, akihema.

"Kavira! Nipe Kavira, upesi!"

"Weye ni nani yake, papa?"

"Niko koko yake, babu yake! Unataka tufe hapa na maulizo yako?"

"Toa mutoto!" mwanamke mmoja akafoka nyuma yake. "Mademoiselle anapitisha examen d'État hapa, mutihani ya Serikali?"

Hata katika hofu ile kuna aliyecheka. Msichana mwenye sweta ya kijani alitoka chini ya benchi la tatu, akaja moja kwa moja, akampa mzee mkono. Jokébed aliuona mkono ule kuwa uthibitisho wa kutosha. Wakaenda.

Robo saa baadaye, watu walipopungua, alifika mwanamke mwembamba aliyevaa ndala moja. Ya pili alikuwa ameishika. Jina lake lilikuwa Kavuo.

"Natafuta Kavira wangu. Wa sweta ya kijani."

"Ameshaenda, mama. Koko yake alimukamata."

"Koko gani?"

"Muzee moja, na kofia ya..."

"Kavira hana koko." Kavuo hakupaza sauti. "Bote tulibazika kule kwetu. Umepatia nani mutoto wangu?"

Jokébed aliutazama mlango kana kwamba ungemsaidia. Aliona barabara iliyo wazi, na pikipiki ya mwisho ikipotea kwenye kona.

"Madame," sauti ndogo ikasema chini ya benchi. "Miye pia niko Kavira. Koko yangu alisema atakuya. Hakuye."

Wanande, wenyeji wa mji huo, huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa. Katika darasa lile akina Kavira walikuwa wanne. Kila mtu mjini analijua jambo hilo tangu utotoni, na pengine ndiyo maana siku ya hatari hakuna anayelikumbuka.

"Koko yako iko na kofia ya sufi?" Jokébed akauliza.

"Ndiyo. Na macho yake haione muzuri. Alifika juzi toka Kirumba."

"Mbona haukusimama?"

"Mwengine alisimama. Nikasema ni koko yake."

Kavuo alikuwa amejishika kichwa. "Ni miye nilimufundisha," alisema. "Siku ya mbio, mukubwa akiita jina yako, usiulize. Enda. Kule kwetu ndiyo iliokoa yeye."

Madame Rébecca alirudi akashika mlango. Jokébed akambeba Kavira aliyebaki, wakakimbia na Kavuo hadi mahali malori ya Kirumba yanapopakia. Injini zilikuwa zinanguruma. Lori la kwanza liliondoka machoni pao, limejaa vichwa, na Jokébed hakuweza kutambua hata kimoja. Kavuo alilifuata hadi pumzi ikamkatika, akarudi. La pili lilikuwa na ng'ombe. Katika la tatu, juu ya magunia ya viazi, mzee alikuwa ameketi, na sweta ya kijani ilionekana chini ya koti lake.

"Papa! Huyo haiko wenu!" Jokébed alipiga kelele. "Wenu ni huyu!"

Mzee alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi.

"Munafikiri niko mujinga? Siku kama ya leo, kila mutu anakuya kusema mutoto ni wake." Akamwinamia msichana. "Sema weye. Huyu mama ni nani?"

Dereva akapiga honi. Kavuo alifungua mdomo, na Jokébed akamshika mkono asiseme neno.

"Mama," mtoto akasema hatimaye.

"Na miye?" mzee akamuuliza yule wa mikononi mwa Jokébed.

"Koko. Shuka, umekamata mutoto wa watu."

Jioni ilisemekana kwamba kilichoanzisha hofu ile kilikuwa tairi la lori lililopasuka. Wengine walikanusha. Hakuna aliyethibitisha lolote, na maduka yalikuwa yamefunguliwa tangu saa nane.

Ijumaa Directeur Siméon alimwita.

"Ulitoa mutoto kwa mutu asiye wake."

"Ndiyo, Directeur."

"Na ulimurudisha."

"Ndiyo."

"Kuzuia ya kwanza ndiyo kazi niliyokupatia. Utaongeza wiki moja ya majaribio."

Mchana huo Jokébed alisimama mlangoni akimwelekezea kila mtoto swali lile lile, huku mzazi akisubiri: huyu ni nani yako? Wanawake walimdhihaki. "Mademoiselle, nizae tena mbele yako, ndiyo utaamini?" Aliendelea kuuliza.

Ikafika zamu ya msichana wa sweta ya kijani. Kavuo alikuwa upande wa pili wa kizingiti, mkono ameunyoosha. Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama tena, akisubiri aitwe jina kama alivyofundishwa. Foleni ikaanza kunung'unika. Jokébed hakuondoa mkono wake mlangoni, wala hakumsaidia mtoto kujibu.