Kifungu cha Kumi na Moja

Jumamosi, saa tatu na dakika tano asubuhi, binti wa miaka saba alifika kwenye chumba alichopanga mama yake akiwa ameshika kitasa cha mlango wa nyumba ya baba yake.

"Kimenifuata," alisema.

Mama yake alikiweka juu ya meza, akammiminia chai.

Mama huyo alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili. Mkataba wa ndoa yake aliuchapa mwenyewe, miaka kumi nyuma. Ofisi haikuwa na fomu ya ndoa, ikabidi wakili amtolee ya kupangisha nyumba. "Badilisha majina tu, dada. Yeye mwenye nyumba, wewe mpangaji." Aliichapa bila kosa hata moja. Kifungu cha kumi na moja kilisema kwamba chochote kitakachoongezwa katika nyumba wakati wa mkataba kitabaki na nyumba, na nyumba itabaki na mwenyewe. Binti alizaliwa mwaka wa tatu. Ndoa ilipovunjika, hakimu alikisoma kifungu mara mbili, akampa mama Jumamosi, saa tatu hadi saa kumi na moja jioni.

Jumamosi iliyofuata lilikuja bomba la jikoni, maji yakitoka. Kisha dirisha na mapazia yake. Kufikia Jumamosi ya saba nyumba ilikuwa imehamia yote. Fundi alipima, akarudia, akakubali kwamba vyumba vinne vimeenea ndani ya chumba kimoja bila kugusa kitanda.

"Hukuniambia unajenga," alisema mama mpangishaji, akichungulia sebuleni.

"Sijajenga, mama. Imekuja."

"Haya. Ila choo chenu sasa ni cha wapangaji wote, usinifungie."

Kule kwenye kiwanja ilipokuwa nyumba, baba alikuwa ameketi kwenye kochi, juani.

"Shemeji, umeamua kupunga hewa?" aliuliza jirani.

"Nyumba iko kwa mama mtoto."

"Ah. Basi litunze kochi, nalo lisije likaondoka."

Baba alifungua kesi kudai nyumba yake. Mpiga chapa alichapa utetezi wake mwenyewe, ukurasa mmoja: mtoto hubaki na nyumba, nyumba iko kwangu, naomba mtoto abaki kwangu siku zote saba. Aliusoma mara nne na hakuona tundu. Usiku ule alipanga sare za shule kwenye kabati lililokuja Jumamosi ya tano.

Hakimu naye aliusoma, akavua miwani.

"Nyumba ni ya nani?"

"Yake, mheshimiwa."

"Basi akakae nyumbani kwake."

"Lakini iko ndani ya chumba changu."

"Mahakama imeona hivyo. Utahama."

"Na mtoto?"

"Kifungu cha kumi na moja."

Binti, kwenye benchi la mbele, alinyoosha mkono. Hakimu alimgeukia karani.

"Mkataba unasema sehemu za nyumba husikilizwa?"

Karani alipekua kurasa zote, na za nyuma pia. "Hakuna, mheshimiwa."

"Shusha mkono, mwanangu," alisema hakimu, kwa upole.

Jumatatu, saa nane mchana, baba alifika na sanduku moja, akafuta viatu mlangoni. Mama alitoa godoro, sufuria mbili na taipureta. Binti alimfuata hadi kizingitini.

"Nije na wewe?"

"Jumamosi, mwanangu."

"Leo nini?"

"Jumatatu."

Karani wa mahakama alipita chumba kwa chumba na kalamu yake, akagusa kuta, akahesabu madirisha, akamhesabu na binti. Aliandika kwamba nyumba imekabidhiwa ikiwa kamili pamoja na nyongeza zake zote, akampa mama karatasi. Mama aliisoma, akasahihisha neno moja lililokosewa herufi, akatia saini.