Wingu la Siku za Kazi

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, kama kila siku, setilaiti ilipita juu, na dakika sita baadaye picha ikafika kwenye meza ya tatu kutoka dirishani, katika kituo cha utafiti wa ardhi na anga. Msomaji picha alisogeza kikombe chake cha chai, akafuta miwani kwa pindo la blauzi, akaanza kutoa mawingu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na miwili. Picha ilikuja imegawanywa vipande vya mraba, na kila kipande cheupe kupita kiasi kilikuwa wingu, na wingu halipimwi. Alikibonyeza, kikatoka.

Vipande vilivyotoka vilidondoka chini ya meza. Vilikuwa vyembamba, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vya moto kidogo kwa dakika ya kwanza, na vilidondoka kwa sauti ya maharage yanayomwagwa kwenye sinia. Msimu wa mvua vilimfika hadi kwenye vifundo vya miguu. Utawala ulishatoa waraka kuhusu jambo hilo, ukiwataka wafanyakazi wavae viatu visivyoteleza. Saa saba mchana mfagiaji alipita na ufagio na gunia, akavizoa, akaenda zake.

Kwa vipande vilivyobaki, kituo kilipima vumbi lililomo hewani na kuchora ramani. Mahali vumbi lilipozidi, mamlaka ya mazingira ilikilazimisha kiwanda cha hapo kufunga vichujio kwenye mabomba yake. Viwanda vinne vilikuwa vimefungiwa vichujio kwa sababu ya ramani hiyo, na msomaji picha alijivunia vyote vinne kama vile kavizaa. Sehemu moja tu ya ramani ilikuwa ya kijivu miaka yote: mtaa wa nyumba sitini chini ya kiwanda cha chokaa. Kipimo cha weupe kilisema mtaa ule una mawingu karibu kila siku, na mahali pasipofikisha siku mia moja safi kwa mwaka hapapimwi.

Dada yake aliishi huko, nyumba ya kwanza kutoka ukuta wa kiwanda. Mara nyingi alikuwa amesema kwamba yale si mawingu. Msomaji picha alikiamini kipimo kuliko dada yake, ambaye tangu utotoni alikuwa na tabia ya kutia chumvi.

Jumatano moja kalamu ilimponyoka. Alipoinama kuiokota aliona, kwenye kipande kimoja kando ya kiatu chake, mlango wa buluu anaoufahamu. Mbele ya mlango alikuwepo dada yake, mkubwa kama punje ya mchele, anaanua nguo.

"Umenenepa," dada alisema, akitazama juu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kumbe ndiko tunakotupwa. Nilikuwa najiuliza hii harufu ya chai inatoka wapi."

Alikung'uta shuka. Unga mweupe uliruka kutoka kwenye shuka, ukazunguka, ukarudi kutua palepale. Kisha akakohoa, na msomaji picha akasubiri akiwa amepiga magoti, kwa sababu kikohozi kilikuwa kirefu.

"Hicho kifua tangu lini?"

"Tangu nilipokwambia, ukasema natia chumvi."

"Na mamlaka hawajaja?"

"Alikuja mmoja na ramani yenu. Akasema huku ni mawingu, akafungua mwavuli wake, akaondoka."

"Daktari je?"

"Kasema vichujio vifungwe au nihame. Nihamie wapi, na wewe una chumba kimoja? Kasema mapafu yangu yana mwaka mmoja. Miwili nikiwa mbishi." Dada alitundika kikapu cha nguo kiunoni. "Nawe unanijua kwa ubishi."

Saa saba mfagiaji alipofika, msomaji picha alimuuliza vipande huwa anavitupa wapi.

"Sivitupi," alisema mfagiaji. "Takataka zenye watu ndani utazitupa wapi, mwanangu?"

Alimpeleka kwenye stoo ya viti vilivyovunjika. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini, kila moja limeandikwa tarehe kwa kipande cha mkaa. Mle ndani kulikuwa na mnong'ono wa chini, kama wodi saa ya kutazama wagonjwa. Mfagiaji alisema hana shida nao, ni watu wastaarabu, na kila asubuhi huwafungulia dirisha wapate hewa.

Kwa Jumamosi tatu mfululizo, wawili hao walivua viatu wakapanga vipande kwenye sakafu ya ukumbi wa mikutano, nyumba kwa nyumba, siku kwa siku. Walisalimia na kusalimiwa mpaka sauti zikawakauka. Jumamosi ya tatu, karibu na saa tisa, mfagiaji alinyoosha mgongo na kuuliza Jumapili ziko wapi.

Hazikuwepo. Katika miaka kumi na miwili, mtaa ule haukuwa na wingu hata moja la Jumapili. Haukuwa nalo pia katika mwezi ule ambao kiwanda kilisimama kubadilisha tanuri. Msomaji picha alikwenda kwenye kompyuta kutazama vipimo vya joto: wingu la kweli lina baridi na huangusha kivuli, na haya yalikuwa na joto na hayakuwa na kivuli popote.

"Wingu linalopumzika Jumapili," alisema mfagiaji, "lina chama cha wafanyakazi."

Msomaji picha hakucheka. Alikaa chini katikati ya nyumba sitini na kuitazama mikono yake, na aliichukia. Halafu akaandika ripoti ya kurasa nane, yenye michoro, ambayo mtu yeyote angeielewa.

Mkurugenzi alikuja kutazama mwenyewe. Yeye ndiye aliyekitunga kipimo cha weupe alipokuwa mtafiti kijana, na tuzo aliyopewa ilining'inia ukutani nyuma ya kiti chake. Alivua viatu mlangoni, akapita kati ya vipande kwa soksi, taratibu, akichuchumaa hapa na pale kujulia watu hali. Mzee mmoja kwenye kipande cha ukutani alimwinulia picha ya mapafu yake aliyopigwa hospitali. Mkurugenzi aliomba miwani na akaisoma yote.

"Hili ni vumbi," alisema alipoinuka. "Hapa hakuna ubishi. Umefanya kazi nzuri sana."

"Basi kipimo kirekebishwe, Mkurugenzi."

"Kipimo kiko kwenye vitabu vya shule. Kiko kwenye mikataba. Nikisema cheupe cha hapa si wingu, kesho nitaulizwa cheupe cha kila mahali."

"Wanaumwa hawa."

"Nawaona," alisema Mkurugenzi, na alikuwa anawaona kweli. Machozi yalimlengalenga. Alivaa viatu vyake na kuahidi kwamba jambo hilo litapewa nafasi linayostahili.

Alitimiza ahadi. Wiki mbili baadaye kituo kiliongeza aina mpya kwenye orodha ya mawingu, nayo iliitwa Wingu la Siku za Kazi. Ripoti ilichapishwa, jina la msomaji picha likiwa la pili baada ya la Mkurugenzi, na wageni wakaanza kuja kutazama sakafu ya ukumbi. Kwa kuwa wingu hilo sasa lilijulikana na siku zake zilijulikana, ilionekana si haki mtaa ule kuendelea kudaiwa siku mia moja safi. Siku za kazi zikaondolewa kwenye hesabu. Mtaa ukapimwa kwa Jumapili zake.

Ramani iliyofuata haikuwa na kijivu mahali popote. Chini ya kiwanda cha chokaa palikuwa na kijani kilichokolea kuliko kijani kingine chote, maana hakuna mtaa mwingine uliokuwa na Jumapili nzuri kiasi kile. Ombi la vichujio, lililopelekwa na wakazi wa mtaa, likafungwa. Mamlaka ya mazingira ilipeleka kibao cha chuma kilichoandikwa MTAA WA HEWA SAFI, kikasimikwa kwenye nyumba ya kwanza, mbele ya mlango wa buluu.

Siku hiyo msomaji picha aligoma. Aliiacha picha mezani bila kuibonyeza na kukunja mikono. Saa sita kamili mashine ilivitoa vipande yenyewe, vikadondoka vyote kwa mpigo, vya moto kuliko kawaida, na chini kukasikika mayowe. Kesho yake akaanza tena kuvitoa kwa mkono, kimoja kimoja. Kwa heshima ya wageni, kituo kilimnunulia pipa lenye mfuniko.

Alhamisi moja ya kiangazi, saa nne na dakika arobaini na sita, alikibonyeza kipande cha kwanza kikaanguka ndani ya pipa. Akainama. Dada yake alikuwa amesimama juu ya kigoda na kitambaa chenye maji, anafuta kibao. Gauni lilimpwaya mabegani.

"Hivi ile ripoti uliwaonyesha wote?" dada aliuliza.

"Wote."

"Wakatuona?"

"Waliwaona, dada. Hata Mkurugenzi alitokwa na machozi."

Dada alikikamua kile kitambaa, maji meupe yakamtiririka hadi kwenye kiwiko, akafikiri kidogo. "Afadhali wangekuwa vipofu," alisema, bila hasira. Kisha akasogea pembeni ili asizibe. "Hebu niangalizie. Kinasomeka kutoka huko?"

"Kinasomeka."

Dada aliridhika, akainama kusuuza kitambaa, na kikohozi kikamshika akiwa ameinama. Kwenye korido wageni walikuwa wanafika. Mkurugenzi alichungulia mlangoni, akaweka kiganja kifuani kwa adabu, akaonyesha mfuniko kwa macho.

Msomaji picha alisubiri kikohozi kiishe. Hakikuisha. Alifunika pipa, akavuta kiti, akarudi kwenye picha. Zilikuwa zimebaki nyumba hamsini na tisa.