Dakika ya Honi

Mimi ni fundi wa sauti, na mdomo wangu hauna breki. Hilo nimerithi kwa baba. Yeye alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima akiomba chumvi tu. Watu walimwita Honi, na alijivunia.

Maradhi yale yalipokuja, Honi aliingia wodi ya kutengwa kwa miguu yake mwenyewe, akiwatania manesi, na hatukumwona tena. Walimzika watu waliovaa kama wanaokwenda kurina asali. Sisi tulisimamishwa nje ya uzio, tukakatazwa kusogea, tukakatazwa hata kulia kwa sauti, eti tutarusha mate hewani. Tangu siku ile mama hakulitaja jina lake. Akimzungumzia, basi ni "yule". Hakulia. Chakula alikionja tu na kusukuma sahani, na mimi nilikuwa namwona akiniishia hivihivi.

Mwaka huu serikali iliamua taifa liwe na siku ya kuwakumbuka waliokufa. Kamati ikaundwa, nami nikapewa kazi ya maiki na spika uwanjani. Nikakimbilia nyumbani kumweleza mama kwamba kutakuwa na mashada, hotuba fupi, na katikati dakika moja ya kimya. Nilidhani atafarijika. Akaacha kukunja nguo, akanikata jicho.

"Kimya tena? Tulimzika kimya. Mtu aliyeitwa Honi, mnataka kumzika kimya mara mbili?"

 Kesho yake nikayapeleka maneno hayo kwa mwenyekiti wa kamati, nikamwomba dakika ile watu waachwe walie, waite, wafanye walichonyimwa. Mwenyekiti ni mpole, tai imenyooka. Akanieleza taratibu kwamba wafu hukumbukwa kwa kimya na kwamba kelele ni vurugu. Nilitoka kwa hasira. Afadhali angekuwa mtu mbaya, ningejua pa kumshika.

Siku yenyewe mama alikuja shingo upande, baada ya kubembelezwa mpaka akachoka na mimi. Nikamketisha karibu na mtambo wangu, chini ya jukwaa. Kengele ikagongwa. Uwanja mzima ukanyamaza, zikasikika bendera tu zikipigapiga. Nikamtazama mama: ameuma ncha ya mtandio. Nikasema moyoni, jamani, nimemleta mama yangu nimuue. Mara akasimama.

"Honi!" aliita. "Baba wa wanangu! Honi!"

Maiki ya jukwaani ilikuwa wazi, na sauti yake ikatoka kwenye kila spika. Watu wakageuka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ningezima, ningeokoa kazi yangu. Nikamtazama mwenyekiti pale jukwaani anipe amri. Naye, kwa kupigwa na butwaa, akafungua mikono, viganja juu, akaiinua mpaka mabegani. Sasa, kwetu mafundi wa sauti ishara hiyo ina maana moja tu: pandisha. Nikapandisha.

Mama akaita tena. Kutoka viti vya nyuma mwanamke akaita, "Dada!" Mzee mmoja akamwita mkewe kwa jina la utani lililowachekesha waliokaa karibu, naye akacheka pamoja nao huku analia. Baada ya hapo sikuweza kutofautisha nani anamwita nani. Nami nililia, kamasi zinanitoka, mkono haubanduki kwenye mtambo.

Shughuli ilipoisha mwenyekiti alinifuata, tai imekwenda upande, akaniuliza nani alinipa ruhusa ya kupandisha sauti.

"Wewe, mwenyekiti." Nikamwonyesha, viganja juu.

"Mimi nilikuwa nauliza, ni nini hiki?"

Je, nilijua? Hilo nitalijibu nikistaafu. Alicheka kwa shida, halafu akavua miwani na kuifuta muda mrefu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakujua kuwa na yeye ameita, mpaka aliposikia koo linamuuma. Mwakani, akasema, neno "kimya" halitakuwamo kwenye ratiba.

Mama nilimkuta palepale, sauti imemkauka kabisa. Akaninong'oneza, unadhani Honi amesikia? Nikamwambia hata viziwi wamesikia. Akashusha pumzi ndefu.

"Basi tumemzika," alisema. "Twende nyumbani. Nina njaa."