Mikono Mitupu

Binti alipofumbua macho, mama yake alikuwa ameshaamka, na kazi ameshaianza. Alilitoa beseni chini ya kitanda akalipeleka mlangoni, akalitua, akalitazama kidogo, akaliinua tena na kulirudisha lilikotoka. Ukafuata mto. Ikafuata sufuria. Chumba chenyewe ni hatua tano kwa nne, lakini bibi kizee yule alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

"Shikamoo nyapara," akasema alipomwona binti yake ameketi kitandani. "Leo sijachelewa. Nipe kitu nibebe."

"Marahaba, mama."

Mwanzoni binti alikuwa akikataa kuamkiwa na mzazi wake. Alikuwa akimshika mabega, anamwambia mama mimi si nyapara, mimi mwanao. Siku hizi hata nguvu za kukataa hana. Anaitikia tu, anampa ile sufuria, siku inaanza.

Miaka ishirini na mitatu mama huyu alipandisha zege kwa karai kichwani, kwenye majengo ya watu, chini ya manyapara ambao akili yake imewasahau majina ila haijawasahau wenyewe. Mengine yote yameondoka. Jina la marehemu mumewe limeondoka, njia ya msalani imeondoka. Kilichobaki ni kubeba. Ukimwacha mikono mitupu analia.

Binti alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kazini walimwita Lifti. Alikuwa msafishaji katika jengo la ofisi la ghorofa saba, na wasafishaji hawaruhusiwi kupanda lifti, basi wenzake wakampa jina hilo kwa kumcheka na yeye akalizoea. Alivaa, akamkabidhi mama yake kwa fundi cherehani wa chumba cha pili, ambaye mashine yake inakaa barazani na jicho lake moja linaweza kukaa kwa bibi.

"Leo natoka mapema, napitia kliniki," Lifti alisema.

"Nenda dada. Ila saa kumi na moja jioni na mimi naondoka, nina nguo za kupeleka. Usinifanyie yale ya juzi."

Ya juzi ni kwamba Lifti alishuka kituoni, akasimama, akawa hajui nyumbani ni mkono gani. Dakika chache tu, kisha ikarudi. Lakini fundi alichelewa, na Lifti aliogopa sana. Hakumwambia mtu sababu.

Alimwambia muuguzi. Alikaa kwenye foleni tangu saa kumi na mbili, na zamu yake ilipofika na presha ikapimwa, akalitoa lote: njia ya nyumbani, chumvi aliyotia mara mbili, usingizi usiokuja, na asubuhi zile anazotamani akae tu kitandani autazame ukuta. "Sista, nisikufiche. Naogopa kuwa kama mama."

Muuguzi alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akavuta fomu. "Unafanya mazoezi?"

"Nafanya."

"Yapi?"

"Napanda ngazi. Ghorofa saba, mara kumi kwa siku, siku nyingine zaidi."

"Kwa miguu tu?"

"Na ndoo."

Muuguzi akaisimamisha kalamu. "Mama, hiyo ni kazi. Hapa wanauliza mazoezi."

"Kwani miguu inajua tofauti?"

Muuguzi akacheka mpaka akavua miwani. "Miguu haijui. Kichwa kinajua. Ukiwa unapanda, unawaza nini?"

Lifti akafikiri. "Nawaza maji yasimwagike. Nawaza msimamizi yuko ghorofa ya ngapi. Nawaza mama, kama katoka nje."

"Basi kichwa nacho kimebeba ndoo." Akavaa miwani. "Nikuambie ukweli, sikuahidi kitu. Waliochunguza mambo haya wanasema mtu akijizoeza katika umri kama wako, uzeeni moyo na akili humkaa vizuri zaidi kuliko asiyejizoeza. Si kinga kamili. Lakini hiyo huzuni ya asubuhi inapungua, usingizi unarudi. Na huko kusahau, kichwa kilichochoka nacho husahau. Nusu saa kwa siku. Tembea, panda, upendavyo, lakini iwe yako. Usiwe unampelekea mtu kitu."

"Nusu saa nitaitoa wapi?"

Muuguzi akaisogeza fomu pembeni. Akachukua karatasi akamwandikia mwajiri: *Apewe nusu saa kila siku atembee bila mzigo.* Akagonga mhuri.

Alifika kazini amechelewa dakika arobaini. Msimamizi alikuwa amesimama chini ya ngazi na daftari lake. Walimwita Bwana Kalamu kwa jinsi alivyopenda kuandika watu. Kwa umri alipaswa kumwamkia Lifti shikamoo, lakini cheo kilimziba mdomo.

"Saa ngapi hizi?"

"Nilitoka kliniki. Karatasi hii hapa."

Akaisoma taratibu, akairudia. "Atembee bila mzigo. Mzigo upi?"

"Ndoo."

"Ndoo si mzigo, mama. Ndoo ni kitendea kazi." Akamrudishia. "Na wewe unapanda kushuka kutwa nzima, sisi tunakulipa kwa mazoezi unayofanya, bado unataka mengine? Peleka ofisini huko."

Ukutani nyuma yake palikuwa na sheria ya ngazi, imepakwa rangi nyekundu: *Hakuna kupanda mikono mitupu. Hakuna kushuka mikono mitupu.* Msafishaji akipanda, apandishe maji safi au karatasi za msalani. Akishuka, ashushe maji machafu au taka. Bwana Kalamu ndiye aliyeitunga, na wakubwa walimpigia makofi siku hiyo.

Karani wa ofisi ya wafanyakazi hata kuketi hakumkaribisha. "Mhuri upo, vizuri. Chumba cha mazoezi kiko ghorofa ya saba, lakini ni cha wafanyakazi wa kudumu. Wewe ni wa mkataba."

"Mwanangu, mimi nina miaka kumi na mmoja hapa."

"Kukaa umekaa," karani alisema, akifungua faili jingine. "Kudumu hujadumu."

Chumba hicho cha mazoezi Lifti alikijua kuliko karani. Yeye ndiye aliyekuwa akifuta jasho la humo. Saa tano alikuwa anadeki pale dirishani, mkubwa mmoja kijana mwenye kitambi akaingia, katoka ndani ya lifti. Akapanda mashine moja ya ajabu, mashine ya ngazi, vidaraja vinashuka vyenyewe na mtu anavipanda na hafiki popote. Akapanda, akapanda, akapanda.

"Mama, nifutie hapa kidogo, panateleza," akasema. Hakuwa mtu mbaya. "Mwenzio nimeambiwa na daktari. Babu yangu alichanganyikiwa uzeeni, basi ananiambia anza sasa, nusu saa kila siku, ufanye kichwa kiwe safi. Na wewe unafanya mazoezi?"

Lifti akalikamua tambara. "Nafanya kazi."

"Hiyo nayo safi sana," yule kijana alisema, akaongeza mwendo.

Akashuka na taka, akapanda na maji. Akashuka na maji machafu, akapanda na sabuni. Katika safari ya sita, kati ya ghorofa ya nne na ya tano, alisimama kubadilisha mkono, na alipotaka kuendelea akawa hajui kama alikuwa anapanda au anashuka.

Ngazi zilikuwa zilezile juu na chini. Ukuta uleule wa kijivu, taa ileile inayokonyeza. Akatazama juu. Akatazama chini.  Ilikuwa kama juzi kituoni.

Akatazama ndani ya ndoo. Maji yalikuwa safi. Basi alikuwa anapanda.

Hakupanda. Alikaa chini pale kwenye kidaraja, ndoo kati ya magoti, akayatazama yale maji. Ndoo ndiyo iliyokuwa inajua. Yeye alikuwa mkono wake tu. Akamwona mama yake na beseni, mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi, na akaelewa jambo ambalo miaka yote hajalielewa: yule mama hakuwa anacheza. Alikuwa anatafuta kujua kama anapanda au anashuka.

Saa saba mchana wasafishaji walipewa nusu saa ya kula. Huketi chumba cha chini, pembeni ya mabomba, kila mtu na kibakuli chake. Lifti aliiegemeza ndoo ukutani, akavua glavu, akaelekea mlangoni.

"We, unaenda wapi?" aliuliza mwenzake anayesafisha vyoo vya chini.

"Juu."

"Kufuata nini?"

"Kupanda tu."

"Kupanda tu!" Yule mama akawageukia wengine. "Jamani, Lifti imeharibika. Imepigwa na jua humuhumu ndani."

Wakacheka. Lifti naye alicheka kidogo, akaenda.

Ghorofa ya kwanza ilikuwa ya aibu, alijiona kama mwizi. Ya pili mikono ilimsumbua, hakujua pa kuiweka, akaifunga mgongoni, akaifungua. Ilikuwa inaning'inia kama ya mtu mwingine. Alipoitazama akakuta mkono wa kulia umejikunja vilevile, vidole vimekishika kishikio cha ndoo ambayo haipo. Akavikunjua kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Baada ya hatua mbili vikajikunja tena.

Ghorofa ya nne alimkuta Bwana Kalamu, au Bwana Kalamu ndiye aliyemkuta. Alikuwa amesimama na mfuko wa taka uliosahauliwa miguuni pake.

"Mikono iko wapi?"

Lifti akamwonyesha. "Hii hapa."

"Unapeleka nini juu?"

"Sipeleki kitu."

"Umetumwa na nani?"

"Na muuguzi." Alikuwa anahema. "Ni nusu saa yangu ya kula, bosi. Wengine wanakula. Mimi napanda."

"Nusu saa yako, sawa. Ngazi si zako. Sheria haijasema saa ya kula." Akafungua daftari. "Asubuhi umechelewa, sasa hili. Mikataba inatazamwa mwisho wa mwezi, unajua. Mimi sikuchukii, mama. Sitaki wengine waige."

"Andika," Lifti alisema, akampita.

Tano. Sita. Kati ya ya nne na ya tano hakusimama, na hakuna aliyemwambia kwamba anapanda, lakini alijua. Magoti ndiyo yaliyomwambia, na pumzi. Wakati fulani hapo katikati alishtuka kugundua kwamba kwa muda hakuwa amewaza kitu, si maji, si mama. Kichwa kilikuwa chumba kilichotoka kudekiwa. Akafika ya saba, akagusa mlango wa chumba cha mazoezi, akageuka.

Bwana Kalamu alikuwa palepale ya nne, anamsubiri, na sauti ameilegeza.

"Sikia. Kushuka mikono mitupu ni kosa jingine. Chukua hata huu mfuko ushuke nao, nitafuta yote mawili. Tumalizane."

Mfuko ulikuwa mwepesi, karatasi tupu. Siku nyingine yoyote angeuchukua hata bila kuombwa. Lifti aliutazama. Mkono wa kulia ulishaanza kwenda wenyewe, akauona unakwenda, akaurudisha.

"Nitaufuata saa saba na nusu," akasema, "nikiwa kazini."

Akashuka. Nyuma yake akasikia kalamu.

Jioni hakupotea kituoni, ila alichelewa, maana Bwana Kalamu alimpa ngazi zote azideki upya. Saa kumi na moja na nusu fundi alikuwa amekwishafunga mashine na nguo zake kazifunga kwenye shuka, uso umemvimba kwa hasira.

"Dada, leo tena? Mimi nawe tutakosana."

"Nisamehe, mwenzangu."

"Huyo mama yako kanimalizia nguvu. Kanihamishia vitambaa vyote mara tatu. Mimi kesho sijui." Akaondoka bila kuaga.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na lile beseni. Lifti akalipokea, akalitua chini, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Uso wa bibi ukaanza kukunjamana, mikono ikawa inatafuta hewani.

"Nyapara, nipe kitu nibebe."

Lifti akatazama chumbani. Sufuria ilikuwepo, na mto. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kumpa sufuria kungekuwa raha, naye ajitupe kitandani autazame ukuta. Badala yake akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Beba huu."

Bibi akaushika kwa mikono yake miwili, akaupima kama alivyokuwa akipima karai kabla ya kulipandisha kichwani.

"Mzito," akasema.

"Mzito, ndiyo. Twende nao mpaka kule kwenye ukuta, turudi."

Wakatoka uani, polepole, mmoja kaubeba mkono wa mwenzake, kamba za nguo zikiwapitia juu ya vichwa. Katikati ya uwanja bibi akasimama, akageuka nyuma kwa hofu.

"Hatujapeleka chochote. Nyapara ataniandika."

"Mwache aandike, mama," Lifti alisema. "Inua mguu."