Chura Chini ya Kitambaa Cheusi

Kazi yangu ilikuwa kufagia na kupiga deki maabara anayosomea mjukuu wangu. Yeye ndiye aliyeniombea kazi hiyo, na sharti lake lilikuwa moja tu: "Bibi, sanduku lile lenye kitambaa cheusi usiliguse."

Ndani ya sanduku kulikuwa na chura. Waya mwembamba kuliko unywele ulikuwa umeingizwa kwenye ubongo wake, pale panaposhughulika na kuona, na umeme mdogo wa pale ulichorwa kwenye kompyuta iliyokuwa chumba cha pili. Mjukuu alitaka kujua ubongo huo unafanya nini macho yakikosa cha kuona.

Mimi nikamwonea huruma. Kiumbe hai, kutwa gizani! Basi kila asubuhi saa mbili, kabla sijachovya tambara, nainua pembe ya kitambaa, taa inammulika.

"Kitendawili!"

Hajibu. Namtegea hivyo hivyo: nyumba yangu ndogo, madirisha yake mawili yametokeza juu ya paa. Jibu ni yeye mwenyewe na macho yake. Nacheka peke yangu, nafunika, naendelea na deki.

Wiki ya tatu mjukuu akanikumbatia na ndoo yangu mkononi.

"Mke mwenzangu, njoo uone!"

Kwenye kompyuta akanionyesha mchoro wa asubuhi ile: mstari uliokuwa umelala ulianza kupanda na kushuka, sawasawa, kama mshono wa cherehani, kisha ukalala tena.

"Kila siku saa mbili, Bibi, na giza totoro! Ubongo wake una saa yake. Keshokutwa nawaonyesha walimu wangu."

Nikasema, "Hongera, mama," nikaenda kupiga deki chumba nilichokwisha kukipiga deki.

Kesho yake sikumfunua. Mstari ukalala tangu asubuhi hadi mchana. Mjukuu akakagua waya, akazima mashine, akawasha, chakula hakula. Mwishowe akakaa chini sakafuni.

"Nimemuumiza," akasema, machozi yakimtoka. "Nimemharibia ubongo mnyama wa watu."

Nilidhani nitaweza kunyamaza. Hilo sikuliweza.

"Hujamuumiza. Ni mimi. Nilikuwa nafunua kitambaa nimsemeshe."

"Lini?"

"Kila asubuhi. Isipokuwa leo."

Akanitazama kama ananihesabu mikunjo ya uso. Hakunifokea, heri angefoka. Alifuta kamasi kwa mkono wa koti lake jeupe, akampigia simu mwalimu anayemsimamia.

"Mwalimu, kesho sina cha kuonyesha. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye sanduku. Ni uzembe wangu, sikufunga vizuri."

Maneno hayo yaliniingia kama sindano. Mtoto niliyemlea mwenyewe, niliyemfundisha kutosema uongo, anadanganya kwa ajili yangu.

"Nipe hiyo simu," nikasema.

Akatikisa kichwa. Nikamnyang'anya.

"Mwalimu, usikate. Mimi ni mfagiaji wa hapa." Nikaanza kumweleza tangu asubuhi ya kwanza.