Jani Alilonionyesha Mama Tluway

Jana mchana usingizi ulinipitia nikiwa kitini, nikaota nimeitwa kuandikisha kutu.

Mimi ni bwana shamba, na kutu ninayoisema ni ule ugonjwa wa majani ya ngano, madoa ya rangi ya chungwa yanayopukutika kama unga. Mbegu mpya tuliyowagawia wakulima wa huku Mbulu ilisifiwa kwamba haiugui kutu. Niliisifu mimi mwenyewe, kwa kipaza sauti.

Basi naona meza ukingoni mwa shamba la Mama Tluway. Karani ni jani la ngano, limevaa miwani. Mbele yake kutu elfu kadhaa wamepanga foleni, shati moja, sura moja.

"Andika," jani linaniambia.

"Kutu ni kutu," nasema. "Naandika jina moja, twende tukale."

"Wapekue mifuko."

Nawapekua. Wa kwanza ana ufunguo mmoja. Wa pili ana mbili. Wa tatu ana ufunguo ambao sijapata kuuona. Ananieleza bila kiburi: "Babu yangu aligonga mlango wa mbegu yenu mpya mpaka akafa nje. Baba naye vilevile. Mimi nilizaliwa na tofauti kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kufungua."

Ananionyesha. Ngano yote ya shamba lile ina mlango wa aina moja, mche hadi mche. Anafungua wa kwanza, anamkabidhi mwanawe ufunguo, mwana anafungua wa pili. Napiga kelele wasimame.

Jani linavua miwani. "Walikuwa wamesimama hapa tangu mwaka jana," linasema. "Hukuja." Kisha linaanza kukauka kuanzia nchani, bado likiandika.

Nageuka nikimbie, na shamba limekuwa jiko la Mama Tluway.

Hapa niseme jambo ambalo si la ndoto. Mwaka jana mama huyu alitembea asubuhi nzima kuniletea jani lenye madoa matatu. Nilikuwa naandika ripoti. Nikalipitishia kidole gumba, nikamwambia, "Mama, hili ni vumbi la barabara. Mbegu hii haiugui." Kidole kikabaki na rangi ya chungwa. Niliiona. Nikakipangusa kwenye suruali, nikaendelea kuandika. Siku ile dawa ingewahi. Alivuna magunia mawili ya punje zilizosinyaa, na binti yake Elitruda akaacha chuo cha uuguzi akiwa mwaka wa mwisho.

"Shikamoo, mama," nasema.

"Marahaba, bwana Qwaray. Karibu chai." Ananimiminia kama vile hakuna kilichotokea. "Umekuja kusema nini?"

Neno ninalo mdomoni. Ni neno moja tu. Lakini nakunywa chai kwanza, ya moto, nipate muda, funda baada ya funda. Ananingoja. Nje nasikia milango ikifunguka, mmoja mmoja, taratibu.

"Sema basi, mwanangu. Chai imekwisha."

Nikaamka.

Nyumba ilikuwa kimya. Nilikaa, nikajaribu kulitamka lile neno peke yangu, nione kama linatoka.

"Nisamehe."

Ulimi ukaniuma. Ncha yake ilikuwa imeungua. Na chakula changu cha mchana kilikuwa kiporo, baridi. Jiko sikuwa nimeliwasha tangu juzi.