Mwandiko wa Shangazi

Mwandiko wa Shangazi, jamani, haukuwa wa mchezo. Herufi zake zililala kidogo upande wa kulia, zikashikana, na ile y ilishusha mkia mpaka kwenye mstari wa chini. Miaka thelathini aliandika vyeti vya chuo cha wauguzi, na aliyepata cheti kisicho cha mkono wake alijiona kapunjwa. Kisha chuo kikanunua mashine, na Shangazi akahamia nyumbani kwa marehemu kaka yake. Huko alikaa na wifi yake wakigombania kabati la vyombo, mpaka miaka ya karibuni mkono ukaanza kutetemeka.

Siku moja binti wa kaka yake, anayesanifu kadi kwenye duka la uchapaji, akamjia na maneno matamu.

"Shangazi, nataka kuutia mwandiko wako kwenye kompyuta uwe fonti. Mtu akibonyeza a, inatoka a yako."

"Na nikishakufa?"

"Itaendelea kutoka."

Weee! Shangazi alijifanya kuguna, lakini moyo ulimruka. Kufika jioni mtaa mzima ulishajua, kuanzia fundi cherehani mpaka yule jirani wasiyesalimiana. Alisahau kwamba ukipanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Binti alimpa karatasi zenye vyumba, kila chumba herufi moja. Shangazi akakaa wima, akauma mdomo, akaandika kama yuko kwenye mtihani. Karatasi kumi na mbili! Matokeo yalikuwa aibu tupu. Mkono ulitetemeka, na herufi zilipopangwa kwenye kompyuta hazikushikana. Neno "Karibuni" lilikuwa kama watu walionuniana kwenye benchi moja.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, ila kazi ni kazi. "Mama, kadi za harusi zinaingia mashineni Ijumaa," alisema. "Fonti yako isipotengemaa, tutatumia ile ya kununua, ya siku zote."

Usiku huo Shangazi hakula. Si kwa sababu ya majigambo tu, ingawa nayo yalimuuma. Hakujaliwa mtoto. Alichokiacha duniani ni vile vyeti, navyo viko kwenye kuta za watu asiowajua. Alitaka kitu cha mkono wake kibaki, basi, hata mkono wenyewe ukigoma.

"Vile vyeti si ungevitumia?" alimuuliza binti kwa unyonge.

"Vimetawanyika na wenyewe. Lakini tulia, Shangazi. Nina njia nyingine, ila usiniulize."

Ijumaa asubuhi Shangazi akaenda dukani roho mkononi. Kadi ya kwanza ikatoka mashineni. Loo! Herufi zilishikana, mikia ikapepea, na hata zile a zilipishana kidogo, hii imenona, ile imekonda, kama zinavyotoka mkononi mwa mtu. Mwenye duka akawa anaongea peke yake, akihesabu pa kuitumia fonti ile: lebo za manukato, vyeti, jina la saluni mlangoni. "Ila si maelezo ya dawa," akajionya, "watu watameza sivyo."

Shangazi hakumsikia. Alivaa miwani, akaisogeza kadi karibu. Ulikuwa mkono wake kabisa, ule wa kabla ya kutetemeka.

"Hii K nimeiandika lini?"

Binti akaangua kicheko, akamwonyesha rundo la vikaratasi mezani. *Koma kutumia kikombe changu. Nani kamaliza sukari? Wifi, sufuria ikiungua huoshwa, haifichwi.*

Maana Shangazi hakuwa mtu wa kupayuka. Akikasirika aliandika, tena kwa mwandiko wa vyeti, akabandika kwenye mlango wa kabati. Na kwa hasira zile hakukumbuka hata kidogo kwamba anaandika vizuri, ndiyo maana herufi zilikimbia na kushikana zenyewe.

"Umevitoa wapi?"

"Kwa mama. Anavyo vyote, kavipanga mwaka kwa mwaka."

Shangazi akarudi nyumbani mbio mbio, furaha na fedheha zikimvuta huku na huku. Akamkuta wifi yake jikoni, anachambua mchele.

"Wewe! Umeniwekea matusi yangu yote?"

"Yote."

"Ili siku moja unishtaki?"

"Nikushtaki kwa nani, na sukari kweli nilimaliza mimi?" Wifi akaendelea kuchambua. "Cha kwanza nilikibandua nikichane. Walahi nilikasirika! Kisha nikakitazama. Kaka yako, Mungu amrehemu, alinipenda, lakini hakuwahi kuniandikia hata mstari mmoja. Wala baba yangu, wala mtu yeyote. Mtu aliyekaa chini, akachukua kalamu nzuri, akaniandikia mimi, ni wewe tu."

 Machozi yakamtoka Shangazi na hakuyaficha. Akavuta kiti, akakaa karibu ya wifi yake, akachukua mchele kidogo kwenye sinia na kuanza kuchambua, mkono ukitetemeka.

"Kuanzia mwaka gani?" akauliza hatimaye.

"Mwaka ule uliohamia," alisema wifi. "Wiki ile ile."